Idai, Kenneth na wenzao 13: msimu ambao namba za upepo zilitudanganya

Alhamisi ya tarehe 25 Aprili 2019 niliamka nyumbani Mtwara nikamkuta jirani yangu yuko juu ya paa anapanga mawe. Mawe yalipomwishia akahamia kwenye matofali ya saruji aliyokuwa ameyanunua kwa ajili ya choo, choo ambacho mpaka leo hakijajengwa. Wanawe wawili walikuwa chini wakimrushia kamba ya katani apitishe juu ya mabati, na mkewe akimwambia ashuke kabla upepo haujamkuta hukohuko. Shule zilikuwa zimefungwa, ofisi zimefungwa, na baadhi ya watu wa pwani walikuwa wamekwishahamia kwa ndugu zao sehemu za miinuko. Redio ilirudia jina moja tu: Kenneth.

Hadi alasiri tulichopata ni mawingu, manyunyu na upepo wa kuudhi uliovuma kutoka nchi kavu kwenda baharini. Jirani akashuka. "Wametutisha bure," akasema, na mtaa mzima ukamwitikia. Jioni hiyohiyo, kama kilomita 200 kusini yetu, ng'ambo ya Ruvuma, kimbunga kilikuwa kinatua Cabo Delgado kikiwa na nguvu ambayo Msumbiji haikuwahi kuipima kwenye kimbunga chochote kilichoingia nchini humo.

Tangu siku ile watu wakinisikia nazungumzia vimbunga huniuliza swali moja: kile kilikuwa namba ngapi? Wanataka daraja la ukali, moja hadi tano, kama alama za mtihani. Swali linaeleweka, maana namba ndiyo inayosomwa kwenye taarifa. Lakini ukiupitia msimu ule wote, kimbunga kimoja baada ya kingine, utaona namba ile inapima kitu kimoja tu, nacho ni upepo. Waliokufa wengi hawakuuawa na upepo.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hata yenyewe inachanganya. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, kuanzia pwani ya Afrika hadi longitudo 90 mashariki, dhoruba hupewa majina kwa mpangilio wa herufi. Msimu wa 2018–2019 ulianza na Alcide, akafuata Bouchra, halafu Cilida, Desmond, Eketsang, Funani, Gelena, Haleh, Idai, Joaninha, Kenneth, na mwisho Lorna. Kutoka A hadi L ni 12. Mbona basi kumbukumbu zinasema 15? Kenanga na Savannah zilizaliwa upande wa mashariki wa mstari, zikabatizwa huko na Indonesia na Australia, kisha zikavuka kuja kwetu na majina yao. Ya kumi na tano ilipita Septemba 2018, mapema mno, na haikupewa jina. Katika hizo 15, kumi zilifika daraja la kimbunga kikali, yaani upepo wa kuanzia kilomita 166 kwa saa. Tangu setilaiti zianze kutusaidia kuhesabu, mwishoni mwa miaka ya 1960, hakuna msimu wa upande huu wa bahari uliokuwa umefikisha kumi.

Mkanganyiko mwingine ni wa nani anasema nini. Jina hutolewa na Madagaska mfumo ukiwa magharibi ya longitudo 55, au na Morisi ukiwa mashariki yake. Kupima nguvu na kutabiri njia ni kazi ya kituo cha kisiwa cha Réunion, ambacho ni cha idara ya hali ya hewa ya Ufaransa. Wamarekani nao wana kituo chao cha kijeshi kinachofuatilia Bahari ya Hindi na sehemu kubwa ya Pasifiki. Réunion hupima upepo kwa wastani wa dakika kumi, Wamarekani kwa wastani wa dakika moja. Upepo huenda kwa mikupuo, kwa hiyo ukipima muda mfupi unapata namba kubwa zaidi. Ndiyo maana kwenye simu yako unaweza kukuta kimbunga kilekile, saa ileile, kina kasi mbili tofauti, na hakuna aliyekosea. Vilevile, kile ambacho huko Karibi wanakiita hurikeni na kule Japani taifuni, ni mnyama huyuhuyu tunayemwita kimbunga. Kinachobadilika ni bahari tu.

Mnyama huyu analishwa na maji ya moto. Bahari inatakiwa iwe na joto la nyuzi 26 au 27 hivi, na si juujuu tu bali kwenda chini makumi ya mita, ili mvuke upande bila kukoma. Mvuke ukipoa huko juu unageuka maji na kuachia joto, joto linainua hewa zaidi, na chini panabaki upungufu unaovuta hewa nyingine kutoka pembeni. Pepo za juu na za chini zikiwa zinavuma pande tofauti, mnara huo wa mawingu unakatwa kiuno na kufa. Zikielewana, unasimama. Kisha dunia yenyewe, kwa kuzunguka kwake, inaipindisha hewa inayoingia, na kusini mwa Ikweta inazunguka kama mshale wa saa.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayotulinda sisi. Karibu na Ikweta nguvu ya kupindisha hewa ni ndogo mno, na kwa kawaida ndani ya nyuzi tano za latitudo kimbunga hakijengeki. Mombasa iko nyuzi nne kusini, kwa hiyo inalala usingizi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba, na Mtwara kumi. Madagaska nayo imekaa mbele kama ukuta kwa vingi vinavyotoka mashariki. Lakini kulindwa si kuepushwa. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja meli za Sultani Barghash na kung'oa sehemu kubwa ya minazi na mikarafuu ya kisiwa. Pemba ilinusurika, na ndiyo sababu moja kubwa iliyoifanya iwe kisiwa cha karafuu hadi leo. Aprili 1952 kingine kilitua Lindi. Kenneth naye alikuja Aprili. Si nuksi ya mwezi. Kipindi hicho ni cha malelezi, kaskazi imekwisha na kusi haijashika vizuri, ukanda wa mvua unapanda kurudi kaskazini ukipitia kwetu, na bahari bado ina joto lote la kiangazi cha kusini.

Sasa tuviangalie vimbunga vyenyewe, tukianza na wale ambao hakuna anayewakumbuka. Cilida, Desemba 2018, alifika kilomita 215 kwa saa kwa kipimo cha Réunion. Kwa upepo yeye na Kenneth wako sawa. Akapita mashariki ya Morisi, watu wakapumua, akaenda kufia kwenye maji baridi ya kusini. Alcide aliranda juu ya maji kaskazini-mashariki ya Madagaska na kuishilia hukohuko. Haleh hakugusa mtu. Rodrigues, kile kisiwa kidogo cha Morisi, kilipata taabu zaidi, maana Gelena alikipitia Februari na Joaninha Machi, umeme ukakatika na mashamba yakaharibika.

Kisha kuna Eketsang. Huyu alikuwa dhoruba ndogo, hakukaribia hata kuitwa kimbunga. Aliipitia Madagaska mwezi Januari, akamwaga mvua juu ya ardhi iliyokwishalowa, udongo ukaporomoka, na zaidi ya watu 20 wakafa. Weka Cilida na Eketsang kwenye mizani moja. Kama namba ya upepo ingekuwa kipimo cha hatari, hesabu hii isingewezekana.

Idai ndiye wa kukaa naye muda mrefu, kwa sababu alikuja mara mbili na kuua kwa njia nne.

Alianza mwanzoni mwa Machi 2019 kwenye Mlango wa Bahari wa Msumbiji kama mgandamizo mdogo wa hewa usio na jina. Tarehe 4 aliingia nchi kavu katikati ya Msumbiji akaenda hadi Malawi. Hakuwa na upepo wa kuzungumziwa, lakini alikuwa na maji, na mafuriko ya kusini mwa Malawi, yaliyoanza kabla jina Idai halijatamkwa popote, yaliua watu wapatao 60. Kwa kawaida mfumo kama huo hufia nchi kavu. Huu uligeuka ukarudi baharini, ukakuta maji ya moto, ukapewa jina, ukaelekea Madagaska, kisha ukabadili mawazo na kurudi magharibi. Tarehe 14 ulifika kilomita 195 kwa saa. Usiku wa kuamkia tarehe 15 ulitua karibu na Beira, mji wa bandari wa watu wapatao nusu milioni, uliojengwa kwenye ardhi ya kinamasi iliyo sawasawa na usawa wa bahari.

Upepo ulifanya kazi yake: mapaa, nguzo, minara ya simu. Minara ndiyo iliyotupotezea siku. Beira ilinyamaza, barabara kuu ya kwenda Zimbabwe ikakatika, na dunia ikadhani kimya kile ni nafuu. Taarifa za kwanza zilitaja vifo makumi kadhaa. Siku nne baadaye Rais Filipe Nyusi, baada ya kuruka na ndege juu ya eneo, akasema waliokufa huenda wakapita 1,000.

Kuhusu bahari, yeyote aliyekulia pwani na afungue kalenda ya mwezi. Mwezi mwandamo ulikuwa tarehe 6 Machi, kwa hiyo tarehe 14 mwezi ulikuwa nusu. Wavuvi wanajua maana yake: maji mafu. Beira ni mahali ambapo kupwa na kujaa hutofautiana kwa zaidi ya mita sita wakati wa bamvua. Idai aliisukuma bahari juu kwa mita kadhaa, lakini aliisukuma siku ambazo yenyewe hainyanyuki sana. Angechelewa wiki moja tu angekutana na bamvua la mwezi mpevu, na maji yangeingia Beira kutoka kimo kingine kabisa. Hakuna namba ya kimbunga inayokuambia hilo. Mzee yeyote wa dau anakuambia.

Halafu mito. Mvua ya Idai ilipita milimita 200 ndani ya saa 24 sehemu kadhaa. Milimita tunazisikia redioni na kuziacha zipite, kwa hiyo hebu tuzipime. Milimita 200 ni lita 200 juu ya kila mita moja ya mraba. Chukua lile pipa la chuma la mafuta ambalo mafundi hulikata kuwa jiko la kuchomea nyama, lijaze, umwage lote kwenye eneo la mkeka mdogo. Kisha fanya hivyo kwa kila mkeka, nyumba hadi nyumba, kijiji hadi kijiji, milimani na mabondeni, na mkumbuke yale mafuriko ya wiki ya kwanza yaliyokuwa bado njiani. Maji yote hayo yalitafuta bahari kwa kupitia Pungwe na Buzi, mito miwili inayotokea huko magharibi na kumwagika jirani na Beira.

Safari hiyo ilichukua siku. Hapo ndipo wengi waliponaswa. Upepo ulikoma Ijumaa, watu wakatoka, wakaanza kuokota mabati yao, na maji makubwa yakawafikia baadaye, jua likiwa limekwishatoka. Mji wa Buzi ulifunikwa. Picha za setilaiti zilionyesha ziwa jipya lenye urefu wa zaidi ya kilomita 100 mahali palipokuwa na mashamba, na watu juu ya miti na mapaa wakisubiri boti. Mahindi yalikuwa yamebakiza wiki chache kuvunwa. Mamia ya maelfu ya hekta za mazao zilikwenda.

Njia ya nne ilikuwa milima. Chimanimani, mashariki mwa Zimbabwe, iko mbali na bahari kiasi kwamba neno kimbunga lenyewe halina maana kubwa kwa wakazi wake. Mawingu ya Idai yaligonga safu ile, yakalazimika kupanda, na kupanda huko kukayakamua. Usiku wa tarehe 15 miteremko juu ya Ngangu na Kopa iliachia tope, magogo na majabali makubwa kama magari, yakashuka juu ya nyumba za watu waliolala. Zaidi ya watu 300 walithibitishwa kufa Zimbabwe na mamia hawakuonekana tena. Baadhi ya miili ilichukuliwa na mito hadi ng'ambo, na wanavijiji wa Msumbiji wakawazika watu wasiowajua. Msumbiji yenyewe ilihesabu vifo 603. Baadaye kikaja kipindupindu, wagonjwa zaidi ya 6,000, lakini waliokufa kwa ugonjwa huo hawakufika hata kumi, kwa sababu chanjo ya matone iliwafikia zaidi ya watu 800,000 kwa kasi ambayo sijaona ikisifiwa inavyostahili.

Wiki sita baadaye ndiye huyo Kenneth wa mawe ya jirani yangu. Aliumbika kaskazini ya Madagaska, akapata jina tarehe 23 Aprili, tarehe 24 akapita ubavuni mwa Ngazidja nchini Komoro, ambako alivunja nyumba, kung'oa minazi na kuua watu, na tarehe 25 akatua kati ya Macomia na visiwa vya Quirimba, kaskazini ya mji wa Pemba. (Pemba hii ni ya Msumbiji. Siku zile nilipokea simu tatu kutoka Unguja za watu waliosikia "Pemba imepigwa".) Kilele chake kilikuwa kilomita 215 kwa saa. Nguvu ya upepo ya kusukuma ukuta huongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo tofauti ya 195 na 215, inayoonekana ndogo, ni karibu asilimia 20 zaidi ya msukumo. Haikuwahi kutokea katika kumbukumbu Msumbiji ikapigwa na vimbunga viwili vikali msimu mmoja, wala kimbunga cha nguvu ile kutua kaskazini vile.

Waliokufa Msumbiji walikuwa 45. Kila mmoja ni msiba, lakini linganisha na 603 vya kimbunga kilichokuwa dhaifu zaidi. Eneo halikuwa na mji kama Beira njiani, hapakuwa na mito miwili mikubwa inayokutana mlangoni, na baada ya Idai tahadhari ilichukuliwa mapema. Kisiwa cha Ibo, ambako watu husema Kimwani, lugha ambayo Mswahili akiisikiliza kwa utulivu anaambulia mengi, karibu nyumba zote ziliharibika, na waliokuwa wamejikinga kwenye majengo imara ya zamani waliishi. Bahati mbaya mkoa ulikuwa tayari kwenye vita tangu Oktoba 2017, na misaada ilipita kwa woga kwenye barabara zilezile ambazo watu walikuwa wakizikimbia.

Na sisi Mtwara, tulitishwa bure? Turudi kwenye ule upepo wa kuudhi uliotoka nchi kavu. Kimbunga cha kusini huzunguka kama mshale wa saa. Kikija kutoka mashariki na wewe uko kaskazini ya jicho, yaani kitovu chake, upepo wake kwako unatoka magharibi, yaani unaisukuma bahari mbali nawe. Aliye kusini ya jicho upepo unamjia kutoka baharini, umebeba maji, na kasi ya kimbunga chenyewe kusonga mbele inaongezwa juu yake. Upepo uliomuudhi jirani yangu ulikuwa upande wa pili wa gurudumu lilelile lililokuwa likiisaga Ibo. Kama gurudumu lingesogea nyuzi mbili tu kaskazini, na utabiri wa siku mbili kabla hauwezi kuapa kwamba halitasogea, sisi ndio tungekuwa chini yake.

Kenneth alipokwisha kuwa upepo, akabaki kuwa mvua. Mabaki yake yaliganda juu ya Cabo Delgado, na mji wa Pemba, uliookoka usiku wa kimbunga, ulifurika Jumapili yake, siku tatu baada ya kutua. Ni ule mwendo wa Buzi, kwa kipimo kidogo. Watu huuliza kama haya ni mabadiliko ya tabianchi. Kwa kimbunga kimoja siwezi kujibu ndiyo au hapana, ila hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja hubeba mvuke zaidi kwa asilimia saba hivi, na mvuke huo hushuka mahali. Kwa hiyo sehemu ya kimbunga inayokua kwa uhakika zaidi ndiyo ileile ambayo namba haiisemi.

Lorna alifunga orodha mwishoni mwa Aprili, katikati ya bahari, bila kumsumbua mtu.

Jirani alishusha mawe yake Ijumaa, siku ya Muungano, akanung'unika mpaka alipoona picha za Macomia kwenye simu ya mwanawe. Mei 2024, Hidaya alipokuwa anakaribia Mafia, nilimkuta tena uwanjani anatazama juu, na safari hii hakuuliza namba. Aliuliza mvua itakaa siku ngapi. Hidaya alifika pwani akiwa ameishiwa pumzi, mapaa yetu yakabaki mahali pake. Lakini mvua yake iliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga na sehemu nyingine, malori yakapanga foleni pande zote mbili, na Mtwara tukakaa siku kadhaa tukihesabu mafuta ya kupikia yaliyobaki dukani.